Njia ya Kwenda Kazini Isiuzwe

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mombasa. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wale waliokuwa zamu.)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya barabara na madaraja ya mji wetu, na juu ya fedha za kuyajenga. Wengine watauliza: watu wa reli wana shauri gani na barabara? Jibu ni jepesi. Garimoshi halitutoi nyumbani mpaka karakana. Tunakuja kazini kwa matatu, kwa feri, kwa baiskeli na kwa miguu, kama mpagazi wa bandari, kama karani, kama mwuza samaki wa Mji wa Kale. Kabla ya kumfanyia tajiri kazi hata ya dakika moja, tumekwisha kulipa.

Neno letu leo ni moja. Njia ya mfanyakazi kuvuka maji kwenda kazini isiwekewe kizuizi cha kulipia. Fedha za kuijenga na kuitunza zipo, nazo zapatikana kwa kukata israfu ya Serikali, si kwa kukata tena mshahara. Tutaeleza kwa nini twasema hivyo, na tutaeleza pia hatari iliyomo katika neno hilo, kwa maana si haki kuwapa ndugu zetu neno tamu na kuwaficha mwiba.

MJI WETU NI KISIWA

Mombasa si kama Nairobi. Mtu wa Nairobi akiona barabara moja ina ushuru, aweza kuzunguka kwa nyingine, hata kama imejaa magari na mashimo. Sisi hapa tumezungukwa na maji. Atokaye kisiwani kwa miguu au kwa gari ana milango mitatu tu mikubwa: Makupa kwenda Changamwe na Miritini, Nyali kwenda Kongowea, Kisauni na Mtwapa, na Likoni kwenda pwani ya kusini. Funga mlango mmoja, na maelfu ya watu hawafiki kazini. Weka mtoza ushuru mlangoni, na maelfu wamekatwa mshahara bila ya tajiri kuandika hata barua.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili tangu mwanzo wa kazi yetu. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, miongoni mwa kazi za kwanza ilikuwa kuivusha njia kutoka kisiwani mpaka bara. Pasipo kuvuka hapana safari, wala hapana biashara.

MAJI YALIKWISHA KUUZWA ZAMANI

Wazee wa Mji wa Kale wanakumbuka daraja la kwanza la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1931. Lilielea juu ya maboya, na kila aliyepita na gari alitoa fedha. Daraja hilo lilikuwa njia, lakini pia lilikuwa duka: bidhaa yake ni upande wa pili. Daraja la sasa la zege lilichukua nafasi yake mwaka 1980. Kule Mtwapa nako kulikuwa na kivuko kilichovutwa kwa mnyororo, wanaume wakiimba na kuvuta. Nyimbo zile watalii walizipenda sana. Waliovuta walizijua kwa mabega yao.

Baadaye Serikali huru nayo ilijaribu kuuza njia. Mwaka 1984 ilipitishwa sheria ya ushuru wa barabara za umma, na vizuizi vikawekwa kwenye barabara kuu. Mpaka leo katika barabara ya Thika kuna kituo cha matatu kiitwacho Toll, kwa sababu ya kizuizi kile. Magari yalisimama, foleni zikawa ndefu, na fedha za mkononi zilipita mikono mingi kabla ya kufika hazina.

Basi mwaka 1993 likafanywa shauri jingine. Ikatungwa sheria ya mfuko wa matengenezo ya barabara, na fedha zikaanza kukatwa katika kila lita ya petroli na dizeli. Vizuizi vikaondolewa. Ndugu zetu, lishikeni sana jambo hili, kwa maana lilikuwa kama mapatano: mwananchi atalipa kwenye pampu, na njia itakuwa wazi. Atumiaye barabara sana atachoma mafuta mengi, naye atalipa zaidi. Ilikuwa hesabu ya haki.

MAPATANO YAMEKWENDA WAPI?

Kwa muda tulilipa sh. 18/- kwa kila lita. Mwezi wa Julai 2024 zikapandishwa kuwa sh. 25/-. Tuseme matatu yachoma lita 30 kwa siku. Hiyo ni sh. 750/- kila siku kwa mfuko wa barabara peke yake, mbali na kodi nyingine za mafuta. Kwa siku 26 za mwezi ni sh. 19,500/-. Nani anazitoa? Dereva hazitoi mfukoni mwake, wala mwenye gari. Zinatoka katika nauli yetu.

Mwaka 2025 Serikali ikachukua sh. 7/- katika hizo 25/- na kuziweka rehani, ili ipate kiasi cha sh. bilioni 175 za kuwalipa makandarasi waliokuwa wanadai kwa miaka. Deni la haki hulipwa, hatusemi lisilipwe. Lakini tazameni sababu yake. Kazi ilitolewa kabla fedha hazijawekwa tayari, deni likakua, na sasa lita ya mafuta tutakayonunua miaka ijayo imekwisha kuliwa leo.

Na wakati huo huo vizuizi vinarudi. Barabara ya juu ya Nairobi, kutoka Mlolongo mpaka Westlands, yenye kilomita 27, ilifunguliwa mwaka 2022, na kampuni iliyoijenga ikapewa miaka 27 ya kutoza. Gari dogo lilianza kwa sh. 360/- kwa safari nzima, na tangu mwaka 2024 ni sh. 500/-. Mwezi wa Novemba 2025 ikaanzishwa kazi ya kupanua barabara ya Rironi mpaka Mau Summit, nayo itatozwa sh. 8/- kwa kila kilomita. Mwaka huo huo Wizara ya Barabara na Uchukuzi iliwataka wananchi watoe maoni juu ya rasimu ya sera ya ushuru wa barabara kwa nchi nzima.

Hapa kwetu bado tuna bahati. Daraja jipya la Makupa, lililofunguliwa mwaka 2022 kwa gharama ya karibu sh. bilioni 4.5, twapita bure, na maji yaliyozibwa na tuta la zamani tangu mwaka 1929 yamepata kupita tena. Barabara ya Dongo Kundu, yenye daraja la Mteza la mita 1,440 na la Mwache la mita 660, nayo imejengwa kwa mkopo wa Japani na haina kizuizi. Kwa hiyo atakayesema haiwezekani kujenga bila kutoza, mpelekeni Makupa akasimame katikati ya daraja, atazame huku na huku.

Lakini kilicho bure leo chaweza kuwekewa mtoza ushuru kesho. Na daraja kubwa la Likoni, lililozungumzwa kwa miaka mingi, bado halijajengwa. Siku litakapojengwa, swali la kwanza litakuwa hili: mlipaji ni nani? Ni kheri swali hilo tulijibu sasa kuliko kungoja mpaka kibanda cha tikiti kimekwisha kupakwa rangi.

"MWENYE GARI ALIPE"

Wako wenzetu wasemao: "Hilo si shauri letu. Sisi hatuna magari. Mwenye gari na alipe." Neno hili lina sura ya haki, basi tulipime kwa hesabu.

Tuseme daraja linatoza matatu sh. 100/- kila ipitapo, nayo ina abiria 14. Ukigawanya, kila abiria ni kama sh. 7/-. Lakini makanga hana habari na sh. 7/-, ataongeza sh. 10/-. Kwenda na kurudi ni sh. 20/-. Kwa siku 26 ni sh. 520/- kila mwezi. Nyumba yenye watu wawili waendao kazini ni zaidi ya sh. 1,000/-. Hakuna mkutano wa chama ulioketi kukubali makato hayo, wala hayakuandikwa katika hati ya mshahara. Lakini yamekatwa.

Tena si nauli tu. Lori la mboga kutoka Kwale linalipa kwenye feri ya Likoni. Lori la unga, la saruji, la viazi, yote yatalipa, na kila senti itashuka juu ya meza ya anayekula. Mwenye miguu huvuka Likoni bila kulipa, na hiyo ni haki kubwa ya watu wa pwani, tusikubali iguswe. Zaidi ya watu 300,000 huvuka pale kwa siku. Lakini tusijidanganye ya kuwa kwa sababu miguu yetu haitozwi, matumbo yetu nayo yamesamehewa.

Na tukumbuke hati ya mshahara jinsi ilivyo leo. Tangu Februari 2023 makato ya NSSF yanafuata sheria mpya nayo yamepanda. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5. Bima ya afya tangu Oktoba 2024 ni asilimia 2.75 ya mshahara wote. Mambo haya kila moja lina maana yake, na mengine hata twayataka. Lakini punda ni mmoja. Hawezi kuongezewa gunia kila mwaka na kuambiwa gunia hili ni jepesi.

FEDHA ZITATOKA WAPI?

Swali hili ni la haki, na mfanyakazi asilikimbie. Daraja halijengwi kwa mikutano. Wale tuliosoma katika shule za misheni tulifundishwa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ya kuwa sharti kwanza aketi ahesabu gharama. Na ndugu zetu waliosoma madrasa walifundishwa ubaya wa israfu. Mafundisho haya mawili yakutane hapa: tuhesabu gharama, kisha tuitazame israfu.

Israfu ya kwanza ni wizi. Mwezi wa Januari 2021 Rais wa wakati ule, Bwana Uhuru Kenyatta, alisema katika mahojiano na redio ya kuwa Serikali inaibiwa karibu sh. bilioni 2 kila siku. Hakusema mpinzani wake. Alisema yeye mwenyewe. Basi tufanye hesabu ya shule ya msingi. Daraja la Makupa la bilioni 4.5 ni wizi wa siku mbili na robo. Barabara ya juu ya Nairobi, ambayo gharama yake ilitajwa kuwa karibu bilioni 88, ni wizi wa siku 44. Na kama mtu atasema hesabu ya Rais ilizidi, haya, tuikate nusu. Makupa ni siku nne na nusu. Barabara ya Nairobi ni siku 88, haizidi miezi mitatu. Kwa ajili ya miezi mitatu, watu watatozwa miaka 27.

Israfu ya pili ni vyeo na ofisi zinazofanya kazi moja. Mwaka 2023 waliteuliwa makatibu wasaidizi 50 wa mawaziri, na Mahakama Kuu ikaamua mwezi wa Julai mwaka huo ya kuwa jambo hilo halikufuata Katiba. Mwezi wa Julai 2024, baada ya vijana kuandamana nchi nzima kupinga Mswada wa Fedha, Rais William Ruto alitangaza ya kuwa mashirika 47 ya Serikali yenye kazi zinazogongana yatavunjwa, washauri wa Serikali watapunguzwa kwa nusu, na magari mapya ya Serikali hayatanunuliwa kwa miezi kumi na miwili. Tazameni vizuri. Vitu hivi vilipotangazwa kuwa vyaweza kukatwa, Serikali ilikuwa imekiri ya kuwa vilikuwa vya kukatwa siku zote. Lakini alipotakiwa mtu wa kulipa, wa kwanza kufikiriwa alikuwa mwananchi: katika mswada ule ilikuwemo kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka.

Israfu ya tatu twaijua sana sisi wa kazi za mikono. Ni kazi ya haraka na kazi ya nusu. Mtu wa njia ya reli ajua ya kuwa taruma lililooza likibadilishwa mapema ni kazi ya saa chache kwa gengi moja. Likiachwa, reli hupinda, mwendo hupunguzwa, na siku moja behewa huanguka. Hapo yaitwa kreni, na gharama ni mara mia. Barabara ni vivyo hivyo. Shimo dogo hapo Makupa, mvua za Mei zikilikuta halijazibwa, mwezi wa Julai si shimo tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta hujengwa kwa zabuni.

Hata daraja la miguu la Liwatoni lililoelea juu ya maji, ambalo lilianza kutumika mwanzoni mwa 2021, lina fundisho. Lilipunguza msongamano wa feri wakati wa ugonjwa wa korona, na hatukatai msaada huo. Lakini lilikuwa la waendao kwa miguu, lilifunguliwa asubuhi na jioni, na katikati lilibidi kuachana ili kupisha meli. Gharama yake ilitajwa kuwa kiasi cha sh. bilioni 1.9. Na daraja la kudumu likabaki kwenye karatasi. Kila mwaka tunaochelewa kufanya kazi yenyewe, tunalipia kazi ya kushikiza.

Tena msiba wa tarehe 29 Aprili 1994 hautusahauliki. Siku hiyo feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa, wengi wao wakiwa katika safari ya kwenda kazini. Fedha za kuvukia zikifujwa, gharama yake si shilingi peke yake.

MFANO WA JIRANI

Labda mtu atasema kukata israfu ili kujenga barabara ni ndoto. Mwezi wa Novemba 2015 huko Tanzania, Rais John Magufuli aliamuru sherehe za Uhuru za tarehe 9 Disemba zisifanywe, na sh. bilioni 4 za Tanzania zilizowekwa kwa sherehe zile zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco mpaka Mwenge, hapo Dar es Salaam. Ni kilomita chache, na barabara yenyewe haikuwekewa kizuizi. Gwaride la siku moja limegeuka njia ya miaka mingi.

Lakini tusisifu bila kupima. Amri ya mtu mmoja yaweza kuondoka na mtu huyo. Sisi hatutaki ukarimu wa kiongozi. Twataka desturi iliyoandikwa, ya kuwa fedha ikikatwa kwenye anasa, ionekane katika daftari imekwenda wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na katika mji huo huo wa Dar es Salaam liko fundisho la pili. Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016. Asilimia 60 ya fedha zake zilitoka NSSF ya Tanzania, yaani akiba za wafanyakazi. Likawekewa ushuru. Watu wa Kigamboni, ambao wengi wao huvuka kwenda mjini kutafuta riziki, walilalamika miaka, mpaka ushuru ukapunguzwa mwaka 2022. Mwaka huo huo likaanza kutumika daraja jingine, la Tanzanite, upande wa Oysterbay na Masaki, mitaa ya wenye nafasi. Hilo ni bure. Hatusemi lilipangwa kwa ubaya. Twasema tu: asiyeuliza mapema nani atalipa, hujikuta ni yeye.

MWIBA ULIOMO

Sasa tuje kwenye mwiba tulioahidi kutouficha. Una ncha mbili.

Ncha ya kwanza ni akiba zetu. Katika barabara ya Rironi, NSSF yetu ya Kenya imo pamoja na kampuni ya Kichina. Basi yuko atakayetuambia: "Msipige kelele juu ya ushuru, faida yake itarudi kwenu mkistaafu." Jambo hili tulitafakari sana. Ni kweli akiba lazima izae, maana mzee hali maneno. Lakini ushuru ukikatwa kwa mfanyakazi wa leo ili alipwe mfanyakazi yule yule wa kesho, na katikati wakala kandarasi, wenye benki na wenye kampuni ya kutoza, je, hiyo ni faida au ni kuhamisha shilingi kutoka mfuko wa shati kuitia mfuko wa suruali, nayo imepungua njiani? Akiba zetu na ziwekwe mahali pa salama penye faida, na wawakilishi wa wafanyakazi waulizwe kabla, si baada. Lakini zisitumiwe kutuziba mdomo.

Ncha ya pili ni kazi zetu. Tukisema "kateni israfu", yuko bwana mkubwa atakayeitika kwa furaha, akachukua kalamu, na wa kwanza kumkata ni mfagizi, tarishi na mwenye kibarua. Gari lake la pili litabaki. Ndiyo sababu chama lazima kiseme wazi israfu ni nini. Mfagizi wa stesheni si israfu. Fundi wa kukagua breki si israfu. Mshahara wa haki si israfu. Israfu ni kitu kilichonunuliwa kwa bei mara mbili. Ni safari ya watu ishirini penye kazi ya wawili. Ni gari linalonguruma kutwa nje ya mlango likimpozea hewa mtu aliye ndani ya mkutano. Shirika likivunjwa au kuunganishwa na jingine, wafanyakazi wake wahamishwe na haki zao zote, kisha ndipo meza za juu zihesabiwe.

Na sisi wenyewe tuwe safi. Katika ofisi moja, ambayo jina lake tunaliacha, sisi tulipokea vifaa ambavyo bei yake ilimshangaza hata mwenye duka la jirani. Wako wengi kati yenu walioona mfano wa hayo. Makarani, watunza stoo, madereva: ninyi mnaiona israfu kabla ya Mkaguzi Mkuu. Mafuta ya kazi yakiuzwa barabarani, hilo nalo ni daraja linaibiwa jiwe moja. Hatuwezi kumnyoshea kidole mkubwa na mkono mwingine umeshika dumu.

TUFANYE NINI?

Mwezi wa Januari 1947, tarehe 13, wafanyakazi wa bandari, wa reli na wengineo wa mji huu waligoma, wakakutana kila siku kwenye uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Mji ulisimama kwa siku kumi na moja au zaidi. Wazee wale hawakudai hesabu ya shilingi peke yake. Waliuliza shilingi inanunua nini: chumba, chakula, nguo. Sisi nasi na tuulize vivyo hivyo: nyongeza ya mshahara ya mwaka huu, ikiwa itabaki darajani, ni nyongeza gani?

Hatuwaiti leo kwenye mgomo. Twawaita kwenye hesabu. Katiba yetu, Ibara ya 201, yasema ya kuwa mambo ya fedha za umma yawe wazi na wananchi washirikishwe. Na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana wajibu wa kutoa taarifa kila mwaka, katika miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha. Silaha hizi zipo; kutu ndiyo inayozila. Basi twaleta mbele ya mkutano mambo manne:

Kwanza, chama kiandike kwa wabunge wote wa Mombasa na kwa Wizara, kudai ya kuwa Makupa, Nyali na Dongo Kundu yabaki bila ushuru, na ya kuwa daraja la Likoni lisipangwe kwa masharti ya kutoza. Aendaye kwa miguu Likoni aendelee kuvuka bure.

Pili, kila tawi lichague watu wawili wanaojua kusoma hesabu, wapate taarifa ya Mkaguzi Mkuu ya kila mwaka, wasome kurasa za barabara, bandari, reli na kaunti yetu, kisha watusomee hapa kwa Kiswahili. Si lazima wawe wasomi wakubwa. Ajuaye kujumlisha na kutoa aweza kuona palipotolewa bila kujumlishwa.

Tatu, Serikali itakapoita mkutano wa maoni ya wananchi juu ya bajeti au ushuru, tusiwaachie mawakili na wenye mahoteli peke yao. Twende, hata waliotoka zamu ya usiku. Mtu akisinzia kwenye kiti, amehudhuria. Asiyefika ameandikiwa kuwa amekubali.

Nne, chama kitake maelezo ya maandishi juu ya akiba zetu za NSSF zilizotiwa katika barabara za ushuru: kiasi gani, kwa faida gani, na nani atabeba hasara magari yakiwa machache.

Bwana Mwenyekiti, hatusemi barabara hujengwa bure. Kila daraja lina mtu aliyelilipia. Sisi tumelipia kwenye pampu, tumelipia kwenye unga, tumelipia katika hati ya mshahara. Tumefika mlangoni na tikiti mkononi, nayo imekwisha kutobolewa. Anayetaka tuikate mara ya pili, na atuonyeshe kwanza ile fedha ya tikiti ya kwanza ilikokwenda.

Maoni ya wanachama yapelekwe kwa Katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao, ili mambo hayo manne yapigiwe kura.

Umoja ni nguvu.